Dereva wa Masafa Yote

Haya yote ni kweli. Mtaani wananiita Chumvi, na jina hilo sikulipata kwa kuuza duka, lakini safari hii naapa kwa magoti yangu yote mawili, ambayo ndiyo mali niliyostaafu nayo, kwamba kila kilichomo humu kilitokea. Kama kuna mahali nimeongeza, nimeongeza kidogo tu ili kweli isimame sawa, kama unavyokunja karatasi ukaiweka chini ya mguu wa meza.

Basi. Kuna tundu la mviringo kwenye ubao, upana wake kama sahani ya chai. Mbele ya tundu amepiga magoti mwanamume mzima, mwenye mabega ya kufungua milango, uso wake ameuzamisha tunduni hadi masikioni, naye anaongea. Upande wa pili wa ukuta dada yangu ameketi na kikombe chake, anamsikiliza akidhani ni redio. Mimi nimesimama kati yao, penye mlango, kidole mdomoni, jasho likinitiririka mgongoni.

Najua mnavyosema sasa. Ngojeni.

Dada yangu ni fundi cherehani. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenishonea kaptura ya kwanza ya shule, na ndiye mtu pekee aliyeweza kuninyamazisha kwa kuita jina langu bila kuinua kichwa kwenye mshono. Sote wawili tulikuwa tumebaki peke yetu, watoto wametawanyika na kazi zao, tukaamua kuishi nyumba moja tuzozane kwa karibu. Kisha macho yakaanza kumfifia. Sukari. Yalimfifia kama mtu anavyofunga duka jioni: kwanza anashusha pazia la dirisha, halafu anarudishia mlango nusu, wateja bado wanaingia, na ghafla kumbe ameshafunga.

Hospitali, daktari alinivuta kando kwenye korido, tukasimama karibu na ndoo ya kupigia deki. Alisema kwa sauti ya mtu mwenye foleni ndefu nyuma yake. Macho hayatarudi. La kulia limekwisha, la kushoto linafuata, na hakuna kisu wala dawa ya kulizuia. Kisha akanishika bega, na hapo ndipo aliponimaliza. "Wewe ndiye ndugu yake. Mweleze taratibu."

Dada alikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni kama kawaida, uso ameuelekeza kwenye nguzo akidhani ndiyo mimi.

"Amesemaje?" akaiuliza nguzo.

Nikazunguka upesi nikasimama mbele ya ile nguzo. "Amesema muda, Dada."

"Muda gani?"

"Muda wake."

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nikaendelea. Nikamwambia kuna mshipa umelala nyuma ya jicho, na mishipa ya namna hiyo huamka yenyewe, haipendi kuharakishwa, na kwamba daktari aliwahi kumtibu mzee mmoja aliyekaa gizani mpaka siku moja alfajiri akaamka anasoma gazeti lililofungia vitumbua. Dada alicheka. Tulipotoka getini aliniegemea mkono na kusema, "Kumbe. Mshipa umelala." Akawa anatembea kama aliyetuliwa mzigo, na mzigo huo, ndugu zangu, nilijua nani kaupokea.

Daktari alisema taratibu. Neno hilo nikalivuta kama mpira. Kila asubuhi niliamka nikiwa na nia ya kumwambia, na kila asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, amegeukia dirishani, anajaribu. "Leo naona kama kuna weupe weupe," angesema. Mimi nikajibu, "Eeh, mshipa huo." Fimbo nyeupe aliyopewa na nesi aliisimamisha nyuma ya mlango. Ya nini, macho si yanarudi? Akawa anajigonga. Miundi yake ilijaa alama kama mti uliojaribiwa panga. Nguo za wateja alizokwisha kuzikata alizikunja akaziweka kabatini, na wenyewe wakija kuuliza aliwaambia wavute subira, hataki fundi mwingine aguse mkato wake. Walinitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Kilichombakia ni redio, na redio yenyewe ilikuwa ile ya kwenye simu, sauti kama nyuki aliyefungiwa kwenye kiberiti. Akiipandisha, kichwa kinamuuma. Akiishusha, maneno yanakuwa uji.

"Nipatie sauti ya mtu," aliniambia. "Sura nimezikosa kwa sasa. Nisikose na sauti."

Kwa sasa. Aliyasema maneno hayo mawili kwa wepesi kabisa. Nikaenda stoo nikatafuta msumeno.

Mimi katika kazi nilikuwa msoma mita za maji. Umeme sikusomea, useremala sikusomea, lakini ukiwa mtu wa kuingia nyumba za watu kutwa nzima unaona mengi, na nyumba moja niliyokuwa nikiisoma ilikuwa ya bwana mmoja aliyejitengenezea maspika. Huyo ndiye aliyenieleza siri ya sanduku la njia ndefu. Spika, aliniambia, husema mbele na nyuma kwa pamoja. Watu wengi ile sauti ya nyuma huifungia sandukuni ife humo. Yeye aliijengea njia, ushoroba wa mbao uliokunjwa ndani ya sanduku, unapanda na kushuka na kupanda tena, mpaka sauti inapofika mlango wa kutokea, ukali wake wote umechakaa njiani umebaki uzito tu, na hapo hukutana na ile ya mbele kama ndugu waliogombana asubuhi wakapatana jioni. Nilielewa mara moja. Ni bomba. Na bomba nalijua.

Kati ya stoo na chumba cha Dada palikuwa na dirisha la ndani, masalio ya zamani stoo ilipokuwa baraza. Sanduku nililijenga likalingana na dirisha hilo kama jino kwenye fizi. Usoni pake nilitoboa tundu la mviringo la kupachika spika, mgongoni nikautoboa mlango wa kutokea sauti. Nikitaka Dada asikilize, nageuza uso umtazame yeye. Nikitaka kubadilisha kitu, nalizungusha uso unitazame mimi. Nilikata mbao, nikapiga msasa, nikatia gundi. Ushoroba niliujaza pamba nzuri sana ambayo sitasema ilikotoka, ila Dada aliuliza mto wake wa pili uko wapi.

Mpaka hapo nilikuwa na raha. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hupumzika. Shida ilianza kwenye kuchagua spika yenyewe.

Maana nilitaka moja tu. Masanduku ya madukani yana mbili au tatu, nene inapewa hii, nyembamba inapewa ile, na kwa ngoma hapana neno. Lakini sauti ya mtu hukatwa katikati ya koo, nusu inatokea chini na nusu inatokea juu, na Dada, aliyeshona mishono isiyoonekana maisha yake yote, alikuwa akiusikia mshono huo. Nikataka spika moja ya kubeba yote, kutoka kifuani mwa mtu hadi kwenye ncha ya ulimi.

Ya kwanza niliitoa kwenye televisheni iliyokufa. Nikaipachika, nikaunganisha waya, nikawasha.

Dada akasikiliza taarifa ya habari hadi mwisho. "Huyu amebanwa pua," akasema.

Nikaenda kwa Fundi Redio, rafiki yangu wa karibu na adui wangu wa bao. Akanipa nyingine kubwa, ya karatasi, yenye koni ndogo ndani ya koni kubwa kama ua. Hiyo ilikuwa na kifua, sikatai. Lakini kila msomaji alipofika kwenye herufi ya S, Dada aliinua miguu. "Humo ndani kuna nyoka."

Kisha Fundi akaniazima moja aliyoiweka kabatini kama mahari. Koni yake nyepesi kama ganda la kitunguu, na sumaku nyuma yake, ndugu zangu, sumaku ile nilipopita nayo mtaani mageti yalifunguka yenyewe, na mama mmoja alinifuata hadi nyumbani akidai vijiko vyake. Nikaipachika. Ikasema. Safi! Kila neno limepigwa pasi. Dada alitega sikio, nikaanza kutabasamu.

"Anasema vizuri," akasema. "Ila hasemi na mimi."

Sikuelewa. Fundi alinieleza baadaye kwamba sumaku ikiwa na nguvu mno huibana koni, haiiachii icheze, na ile njia ndefu nyuma yake haipati cha kubeba. Sauti inatoka safi lakini haina mwili. Labda. Mimi nilichoelewa ni kingine. Nilielewa kwamba nilifurahi. Aliposema hapana, kifua changu kilishuka kama mtu aliyeahirishiwa kesi. Kwa sababu siku spika itakapopatikana, sanduku litakuwa limekwisha, na mimi nitaketi chumbani mle na mikono mitupu mapajani, na yeye ataniuliza, "Sasa, mdogo wangu, muda gani?"

Nikaendelea kutafuta kwa bidii ya mtu asiyetaka kupata.

Ndipo nikaandika tangazo. Hili tangazo nalieleza kwa makini kwa sababu limenichekesha na kuniliza. Sisi sanduku tunaliita spika na kile kiduara chenye koni tunakiita spika vilevile, na kila nikisema nataka spika watu wananionyesha masanduku. Lakini yule bwana wa maspika kile kiduara alikiita dereva, kama kinavyoitwa vitabuni, kwa kuwa ndicho kinachoendesha sauti. Na masafa kila mwenye redio anayajua, yako marefu na yako mafupi.

"Andika 'kinatafutwa'," Fundi akaniambia, akiwa amelala juu ya kaunta yake kwa uvivu. "Ni kitu hicho."

"Kinatafutwa dereva? Wewe umeona wapi? Dereva ni anatafutwa."

"Basi andika 'inatafutwa spika'."

"Waniletee sanduku jingine? Kalamu ni yangu, usinishike ulimi."

"Haya, mtaalamu. Usije ukasema sikukwambia."

Nikabandika mlangoni pake, herufi kubwa: ANATAFUTWA DEREVA WA MASAFA YOTE. MMOJA TU. AWE MWEPESI, ASIWE NA KELELE, AANZIE CHINI AFIKE JUU BILA KUKWARUZA. ALIYETUMIKA ANAKUBALIKA MRADI HAJAPASUKA. Na chini yake nikaeleza nyumba yetu ilipo.

Aliyekuja alibisha hodi saa za mchana, jua kali. Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inaweza kukukata, viatu vina vumbi la mbali. Alikuwa amekuja kwa miguu.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kwa lile tangazo."

Nikamtazama mikononi. Hakushika kitu. "Marahaba. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Dereva."

Akajitazama kifuani, halafu akanitazama mimi. "Ndiye mimi, mzee. Masafa yote nimeyaenda, marefu na mafupi. Malori mazito, matela." Akakohoa kidogo, akapunguza sauti. "Ila niseme ukweli usije ukasikia kwa mtu. Nilishapasuliwa mara moja. Ngiri. Lakini nimepona kabisa, na cheti cha daktari ninacho."

Mimi ni mtu wa mizaha, na mzaha mkubwa kuliko huo sijaletewa mlangoni maishani. Nilicheka hadi nikaushika mlango. Nikamvuta stoo nimwonyeshe sanduku, nimweleze tundu, koni, kila kitu, huku nikijifuta machozi, nikitarajia acheke nami. Hakucheka. Alivua kofia akaketi juu ya gunia la vumbi la mbao.

"Kwa hiyo gari hakuna," akasema.

"Hakuna, ndugu yangu."

"Hata dogo?"

Kicheko kikanikauka. Alieleza kwa maneno machache kwamba tajiri wake aliuza malori yote, na kwamba nyumbani siku hizi wanampita kama wanavyolipita gari bovu lililoegeshwa uani, wanakwepa wasichafuke. Nikabaki nashikashika bisibisi. Yeye, labda kwa adabu, ili mimi nisione aibu, akainama akachungulia tundu. Sanduku nilikuwa nimeligeuza uso kwetu baada ya kuitoa ile spika ya sumaku. Pamba nayo nilikwisha kuitoa, maana mwenye mto alidai mto wake. Ushoroba ulikuwa mtupu.

"Na humu ndani," akauliza akiwa ameweka uso tunduni, "njia yake inakwenda mpaka wapi?"

Chumba cha pili, kikombe kiligongwa mezani.

"Hiyo!" Dada akapaza sauti. "Chumvi! Hiyo hiyo! Usiiguse!"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Naiona hata leo, nafasi yenyewe, pana kama mlango wa gereji. Badala yake nikaweka kidole mdomoni, nikamwashiria yule mtu aendelee.

"Nisemeje?" akanong'ona. Ndani ya tundu.

"Kipindi gani hicho?" Dada akauliza. "Mtangazaji anauliza asemeje."

"Mchezo wa redio, Dada! Ndiyo kwanza unaanza!"

Yule mtu alinitazama. Nikaweka viganja pamoja, nikamwomba. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akashusha pumzi, akapiga magoti, akauingiza uso wake wote tunduni na kuanza kueleza namna ya kushuka mlima na mzigo mzito, kwamba gia unayopandia ndiyo unayoshukia, na breki hazipendi kuitwa mara kwa mara. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea kuongea peke yake na kioo cha mbele. Iliingia ushorobani, ikapanda, ikashuka, ikatokea upande wa pili nene na ya karibu. Nilikwenda nikachungulia. Dada alikuwa ameegemea nyuma. Mabega yake, yaliyokuwa yamepanda tangu hospitali, yalikuwa yameshuka.

Akawa anakuja kila alasiri. Nilimweleza habari za macho na nilichomficha dada yangu, akatikisa kichwa, akasema, "Mzee, huo mlima unaushuka bila gia." Lakini alikuja. Nilimchemshia chai, nikamwekea mto chini ya magoti. Dada alikiita Kipindi cha Safari, na kikikaribia alijipangusa uso na kuweka kitambaa sawa, eti kwa ajili ya redio. Alinisifu kwa jirani, mdogo wake ametengeneza kitu madukani hakipo. Jirani alikuja kusikiliza, nikamzuia mlangoni nikamwambia sauti hiyo haiwezi kusikika na mtu mwenye sukari ya kawaida. Akakubali! Watu wanakubali mambo.

Na Dada hakuniuliza tena muda gani. Hapo ndipo palipokuwa pabaya. Alikuwa ameacha kuuliza kwa sababu aliamini. "Mtangazaji huyu," aliniambia, "macho yakirudi nitataka nimwone sura. Nitamshonea shati." Nilienda uani nikasimama karibu na bomba, nikalifungua, nikalifunga. Sikuwa na la kufanya. Maisha yangu yote nimeweza kumtoa mtu katika shida yoyote kwa maneno, na sasa kila neno lilikuwa tofali jingine kwenye ukuta uleule, na aliyezungushiwa ukuta ni yeye.

Siku ya mwisho ya kipindi, dereva alikuwa akieleza ukungu. Yeye, mtu asiyetia chumvi hata kidogo, aliyejua barabara zisizohitaji chumvi, alieleza ukungu unavyoshuka mlimani mpaka taa zako mwenyewe zinakurudia usoni. Alisema wajinga hukaza macho. Alisema yeye alizima redio, akashusha kioo, akatoa kichwa nje, akawa anasikiliza mlio wa injini unavyorudi kutoka kwenye mwamba: ukirudi haraka, uko karibu na mwamba, usiporudi kabisa, upande huo ni bonde. Akaenda hivyo, pole pole, hadi chini.

Niko mlangoni. Namwona yeye mgongo, namwona Dada uso. Dada ameinama mbele, midomo wazi, anaushuka mlima ule mwenyewe. Akanyoosha mkono kutafuta kikombe bila kuacha kusikiliza, mkono ukapita mahali kikombe kilipokuwa, ukarudi, ukakipiga. Chai ya moto yote mkononi.

"Aii!"

"Pole, mama!" likasema sanduku.

Nani kati yetu angeweza kujizuia? Unasikia mtu ameumia, neno limeshatoka kabla hujajua una mdomo. Nilimwona dereva akiganda, mabega juu, kichwa bado kimo tunduni. Na kwa kuwa mtu aliyeharibu huona vigumu kuacha kuharibu, akaongeza taratibu, "Samahani."

Chai ikawa inadondoka ukingoni mwa meza.

Dada akaugeuza uso kwenye dirisha. "Redio imenipa pole," akasema.

Nikafungua mdomo. Naapa nilikuwa nayo tayari, hadithi nzima, mambo ya mitambo mipya inayosikiliza wasikilizaji.

"Nyamaza," akasema, kabla sijaanza. Halafu, "We baba uliyemo humo. Toka, upitie mlangoni kama watu."

Dereva akatoka na vumbi la mbao nyusini, akasimama mbele yake ameshika kofia. Alimsalimia. Dada akamwitikia, akanyoosha mkono usioungua, akamshika mkono, akaupapasa hadi kwenye kiwiko kama anayepima mkono wa shati. Kisha akaanza kucheka. Alicheka yule mwanamke! Alicheka hadi futi ikamwanguka shingoni, na dereva akaanza, na mimi nikaanza, tukacheka wote watatu katika chumba kile, na nikadhani, kwa muda wa pumzi moja, kwamba nimepona.

Kicheko chake ndicho kilichokoma kwanza.

"Chumvi."

"Naam, Dada."

"Kama uliweza kumweka mtu mzima sandukuni, ukamfanya redio." Akajipangusa mkono taratibu na pindo la kanga. "Kule hospitali. Daktari alisema nini?"

"Si nilikwambia, Dada, ule mshipa…"

"Usinisogelee."

Nilikuwa nimepiga hatua. Nikasimama.

"Wewe unaniona uso," akasema. "Mimi sikuoni. Kila neno unalolisema unanitazama kwanza, unapima, ukiona naumia unakata, ukiona nafurahi unaongeza. Tangu utoto wako. Nenda upande wa pili tulingane. Nenda ukaniambie kwa hilo sanduku lako."

Nilimtazama dereva. Alikuwa akitazama kofia yake.

Nikaenda. Stoo ilinuka gundi na chai. Nikapiga magoti juu ya ule mto, magoti haya haya niliyoyaapia, yakalia kama bawaba, nikauingiza uso wangu tunduni. Mna giza mle. Ubao ulikuwa na joto na unyevu wa pumzi ya mtu mwingine. Nilijaribu kuanza kwa namna nzuri. Nilianza na korido, nikaanza na ndoo, nikaanza na kwamba daktari alikuwa kijana mpole, na kila nilichokisema kiliingia ushorobani, kikapanda, kikashuka, na sikuona kimemfanya nini. Hakuna uso wa kunisaidia. Mwisho maneno ya pembeni yote yakaniishia.

"Macho hayatarudi, Dada," nikasema.

Nikangoja. Njia ile ilikuwa tupu, kwa hiyo hata sauti za upande wake zilinifikia, za mbali lakini nzima: kiti kikilia, dereva akijikohoza. Kisha yeye, karibu sana, kana kwamba amepiga magoti penye mlango wa kutokea sauti na kuweka uso wake pale.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.